Grupu la wazazi lina meseji zaidi ya mia, habari ya mwanangu nimeipata kwa mama wa mihogo

Wiki ile grupu letu la WhatsApp la wazazi wa darasa la 3 lilikuwa na meseji zaidi ya mia, najua kwa sababu nilikaa usiku nikazipitia moja moja baada ya kujua kilichotokea. Mchango wa karatasi za mtihani, mzazi katuma skrinshoti ya muamala, mwingine anauliza tracksuti za michezo zinauzwa wapi, dua ya mgonjwa, mtu kaleta na tangazo la viwanja Pongwe. La mwanangu hakuna. Na yeye muda wote huo ana kama wiki 3 anampa hela yake ya kula mtoto mkubwa wa darasa la 6 ili asipigwe njiani, anashinda na njaa mpaka anarudi nyumbani. Aliyeniambia ni mama anayeuza mihogo nje ya geti, kaniona napita na baiskeli akaniita, mwenzangu huyu mtoto siku hizi hanunui kitu, kuna nini?

Nilikasirika sana. Nikaenda shuleni, mwalimu wake akaniambia ukweli ambao mpaka leo nauheshimu, kwamba alimuona kapoa lakini alidhani kuna jambo nyumbani, akangoja mimi nije. Na mie nilikuwa nangoja yeye aseme. Kila mtu anangoja mwenzie na grupu lipo.

Sasa sitaki kusema grupu halina maana maana si kweli. Hapa Tanga mtu wa Ngamiani au Makorora anajua kabla ya hapo ilikuwaje, tangazo linaandikwa kwenye karatasi anapewa mtoto, karatasi inaishia mfukoni inafuliwa na kaptula. Mvuvi wa pale Deep Sea anatoka na maji ya usiku anarudi asubuhi watu washaenda makazini, huyo kikao cha saa 3 asubuhi atakihudhuria vipi, lakini voisi ya mwalimu mkuu ataisikiliza saa yoyote. Mama aliyepanga nyanya pale Mgandini akifunga meza yake kwenda kikaoni siku ile harudi nyumbani na faida. Na mambo ya mtaala mpya ulioanza 2024, kwamba shule ya msingi inakuwa miaka 6 na 2027 la 6 na la 7 wanamaliza pamoja, wengi wetu tumeelewa humo humo kwenye grupu, mwalimu kaeleza mara 3 kwa upole. Hilo ni jema na nalisema wazi.

Tatizo linaanza pale jambo la mtoto mmoja linapotupiwa watu wote. Mwisho wa muhula ikapigwa picha ya orodha nzima, majina 84, kuanzia wa kwanza mpaka wa mwisho, ikatupiwa grupuni. Wazazi wa juu wakaanza kupongezana na mioyo na maua. Mzazi wa yule wa 84 naye yumo humo, anaona, na mtoto wake kesho anakwenda darasani na wenzie ambao mama zao wameshawaonyesha ile picha. Mie najiuliza hapo tumemjulisha mzazi au tumemuaibisha. Baraza la Mitihani lenyewe Januari 2023 wakati wa kutangaza matokeo ya kidato cha nne liliacha kutaja shule bora na wanafunzi bora kitaifa, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika tangu Mei 2023, alama za mtoto ni taarifa zake kabisa, sasa sisi kwenye shule yetu ndogo tuna haraka gani?

Wapo wanaoitetea orodha na hoja yao si ya kubeza. Jirani yangu, mtu mzima, ananiambia ukinipa alama 31 kwa 50 mie sielewi kama ni nzuri au mbaya, niambie wa ngapi ndo nielewe. Kweli nafasi ni lugha rahisi, inaeleweka hata na ambaye hakusoma. Ila haimwambii lile kubwa, kama mtoto anasoma au hasomi. Wa 40 katika darasa ambalo nusu hawawezi kusoma aya moja ni habari tofauti kabisa na wa 40 kwenye darasa la wasomaji. Mimi ningependa mwalimu aniandikie mstari mmoja tu kwenye daftari, anasoma vizuri ila kugawanya kunampiga chenga, nikajua jioni tukae na kipi. Na nafasi kama lazima basi niambiwe ya mwanangu peke yake.

Kikao nacho tusikipambe. Mkoa wetu umo kwenye mradi wa Shule Bora na UWAWA, yani ushirikiano wa wazazi na walimu, umehimizwa sana, wazo ni zuri mno, lakini vikao nilivyokaa mie robo tatu ya muda ni hela. Uji, mlinzi, matundu ya vyoo. Elimu bila ada tangu 2016 imetusaidia wazazi wengi, ruzuku ya 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka haifiki mbali na humo kuna fungu la vitabu, kwa hiyo mwalimu mkuu akituona amekumbuka vyoo, simlaumu. Lakini mtoto anayelia kila Jumatatu hana ajenda pale, na hata angekuwa nayo nani atasimama mbele ya watu 60 aseme mwanangu anakojoa kitandani tangu baba yake aondoke?

Ndo maana nang'ang'ania simu, simu ya kawaida, mtu na mtu. Nikawaambia walimu wawili wakanitazama kama naota, na wana sababu, huyo huyo anafundisha masomo yote, anasahihisha madaftari 84, vocha anaweka kwa hela yake, halafu usiku wazazi wanampigia mpaka saa 5. Hilo la usiku mie naona ni dhulma, mwalimu ana watoto wake. Lakini tupige hesabu taratibu. Wazazi 2 kwa siku, dakika 5 kila mmoja, darasa la watoto 84 linakwisha kwa siku 42 za masomo, na mwaka una siku 194, maana yake kila mzazi anapata zamu 4 kwa mwaka na mwalimu anatumia dakika 10 kwa siku. Vocha itoke kwenye kamati, tukichangia ream za karatasi hatushindwi kuchangia vocha. Simu yenyewe isingoje mtoto aharibikiwe, maana mzazi aliyezoea kuitwa kwa shari tu akiona namba ya shule hapokei.

Kuna jambo jingine linasahaulika, nani anapigiwa. Watoto wengi huku wanalelewa na bibi, mama yuko Dar au Muscat, na namba iliyoko shuleni ni ya mama. Grupuni yumo mama wa mbali, bibi ana kitochi. Na bibi wengine wanasoma khati ya Kiarabu vizuri sana ila herufi hizi za shule hawazijui, kwa hiyo daftari la mawasiliano anasomewa na mjukuu mwenyewe, mtoto anasoma mashtaka yake, atasoma yote? Huyo simu tu ndo itamfikia, au aitwe apite siku moja mwalimu azungumze naye chini ya mwembe.

Kwetu walau grupu sasa limefungwa wanaandika walimu tu, na orodha ya muhula uliopita haikutupiwa, kila mtu kapewa karatasi yake. La vocha bado, linakwenda kikao kijacho na nimeomba liwe la kwanza kabla ya vyoo. Namba ya mama yangu nimeshaipeleka ikaandikwa chini ya yangu, maana siku nikiwa na zamu ya usiku ndo anayempokea. Na mama wa mihogo nilimuomba namba yake, mwalimu anayo.