Sikuivunja Baiskeli Vipande Viwili

Kwa kuwa sahibu yangu amekwisha kuitangazia Ngamiani nzima kwamba Jumamosi niliivunja baiskeli vipande viwili, nalazimika kuandika ukweli, ingawa nimeupima usiku kucha na kugundua kwamba uongo wake una staha zaidi.

Mnaonifuata hapa mnajua kwamba nina kilo 124 na kwamba daktari alinishauri niendeshe baiskeli, ushauri ambao Tanga ni rahisi kuutekeleza, maana mji wenyewe ni tambarare na baiskeli zimejaa. Muuzaji wa mitumba aliniuliza swali moja tu: "Utabeba nini, kaka?" Nikamjibu kwa kujiamini kwamba sibebi mzigo wowote, ni mimi peke yangu. Akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, akameza mate, akataja bei. Niliipita Phoenix nyeusi ya chuma, ile ibebayo magunia ya mkaa kutoka vijijini bila kunung'unika, kwa sababu niliiona ya kizee, nikachagua nyingine ya alumini, nyepesi, yenye matairi membamba na kiti kipana laini kama godoro. Kiti hicho nilikiminya kwa dole gumba mara tatu, nikaridhika. Spoku sikuzihesabu. Nani anahesabu spoku? (Ninyi mnaotaka kujibu "mimi", nyamazeni kwanza.)

Sasa tufike kwenye kijiwe cha kahawa. Kiti kile kilishikiliwa na komeo la kubana kwa mkono, wala si kwa nati, na ni mimi mwenyewe niliyekipandisha asubuhi hiyo, kisha nikalibana komeo kwa huruma. Nilipokaribia kijiwe nikahisi dunia inapanda. Ilipanda polepole, kwa adabu, na nilichelewa kufahamu kwamba ni mimi ninayeshuka, bomba la kiti likizama ndani ya fremu. Mwenye akili angesimama. Lakini wazee walikwisha kuniona, na mama yangu hakunilea nipite wazee bila salamu.

"Shikamooni, wazee," nikasema, nikashuka inchi moja.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo." Inchi nyingine.

"Nyumbani hawajambo?"

Magoti yalikuwa yamefika kifuani. Wa pili akauliza habari za watoto, nami nikamjibu kwamba ni wazima wa afya, goti likinigonga kidevu katikati ya neno "afya". Mzee wa tatu alipoanza kuulizia hali ya mkwe wangu, nilikuwa nimefika chini kabisa, nikikanyaga pedeli kwa visigino kama mtu aliyempora mwanawe baiskeli.

Hapo gurudumu la nyuma, ambalo ndilo lichukualo sehemu kubwa ya uzito wa mpandaji, likaanza kusema. Ting! Kimya. Ting! Spoku moja ikikatika, zilizobaki huelemewa zaidi, na sasa nilizihesabu vizuri sana, kwa masikio: nne. Rimu ikapinda kama chapati, ikakwama kwenye fremu, nasi tukasimama wima palepale, mimi na baiskeli, muda ambao kwangu ulitosha kuswali rakaa mbili. Laiti tungeanguka haraka! Tuliegemea taratibu kuelekea kwa muuza kahawa, ambaye aliwahi kuliokoa dele lake. Mimi hakuniokoa.

Yaliyofuata ni mafupi. Fundi alikuta spoku 28 nyuma, na chini ya fremu kibandiko chenye maandishi madogo: kilo 100, pamoja na mzigo. Akasema mtu wa umbo langu asikubali spoku pungufu ya 36 kwenye gurudumu la nyuma, na kwamba kiti laini humeza makalio tu na kuyachosha, ilhali kigumu chenye springi huishika mifupa pale inapostahili kukalia. Nikarudi kwa muuzaji, nikaongeza pesa, nikaichukua Phoenix. Hakuniuliza tena nitabeba nini.

Jana sahibu yangu, huyohuyo mtangazaji, ameisifu kwamba ni madhubuti, akaomba nimpakie kwenye keria hadi Chumbageni. Nimemjulisha kwamba mzigo umetimia.