Kumfungia teja ndani si tiba

Kwenye habari moja kuhusu methadoni, dawa ya kunywa wanayotibiwa nayo mateja wa heroini, mzee mmoja anasema ni kumtoa teja kwenye ulevi mmoja na kumwingiza mwingine, afadhali afungiwe ndani mpaka arosto, yaani maumivu ya kukosa unga, impite. Sikubaliani kabisa. Kijana wa jirani yetu hapa Kirumba, Mwanza, alifungiwa hivyo hivyo. Arosto ilipita kweli, baada ya siku kadhaa za kutapika, kuharisha na kulia mifupa inauma. Alipotoka akarudi kijiweni akajidunga kipimo chake kilekile cha zamani, wakati mwili haukihimili tena. Nusura azikwe. Hatari hiyo wanaopenda kufuli hawaisemi. Methadoni ikipimwa vizuri hailevyi. Inazuia arosto kwa saa 24 hivi, ndiyo maana inanywewa mara moja kwa siku mbele ya mhudumu. Siku hizi kijana huyo anakunywa dozi yake asubuhi hospitali ya Sekou Toure, kisha anashuka mwaloni kupakua dagaa. (Soba hausi, nyumba wanakokaa mateja ili waache unga, nazo zipo, ila nyingine ni maombi na viboko tu.) Ninachoona kimerukwa kwenye habari hiyo ni umbali wa kufuata dozi kila siku. Ukikosa dozi siku kadhaa mfululizo, inabidi urudishwe kwenye kipimo cha chini, upandishwe taratibu upya. Nchi nyingine zina buprenofini, dawa nyingine ya kuzuia arosto, ya sindano inayokaa mwezi mzima. Hiyo ingemfaa mvuvi anayehama kambi. Mnaoishi Ukerewe na visiwa vya jirani, vijana wenu walioanza methadoni wanavuka ziwa kila siku kuifuata, au wamehamia mjini?