Tairi la Bure, Shilingi 2,050

Jumatatu asubuhi niliutafuta mkanda wangu wa kazini chini ya kitanda, nyuma ya mlango, hadi ndani ya sufuria, maana katika nyumba yangu siku hizi hujui kitu kitakuwa wapi wala kitakuwa nini. Niliupata sebuleni. Ulikuwa umekatwa vipande viwili ukashonewa kwenye kikapu, ndiyo mikono yake ya kubebea. Nikamwita mama watoto. Akaja akipuliza chai, akakitazama kikapu, akanitazama mimi niliyeshika suruali kiunoni kama mtoto wa chekechea, akasema, "Baba Pendo, si kimependeza?"

Mimi ni karani wa stoo katika duka la vifaa vya ujenzi hapa Kisumu. Kazi yangu ni kuandika kilichoingia na kilichotoka, basi. Siku hiyo nilienda kuandika nikiwa nimefunga suruali kwa kamba ya katani, na kamba yenyewe ilibidi nimwombe yeye, akanipimia.

Ugonjwa huu wa kugeuza kila kitu kuwa kitu kingine ulianzia Kibuye. Unalijua soko la Kibuye siku ya Jumapili: kuanzia barabarani mpaka ndani huko ni mitumba, vyungu, vitanda, kuku, na mtu mwenye spika anayekuambia panya wako watakufa leo. Asubuhi beli zikifunguliwa kuna kamera, yaani zile nguo bora za kuchaguliwa kwanza, na kamera ina wenyewe. Jua likianza kushuka upande wa ziwani, bei nayo inashuka. "Kumi kumi! Beba, mama, beba!" Hapo ndipo mke wangu hufika. Na hanunui nguo ya kuvaa. Ananunua nguo kwa sababu ya zipu. Atanunua koti la baridi la Mzungu mmoja mkubwa sana, koti ambalo mtu akilivaa Kisumu mchana atazirai kabla ya kufika Kondele, halafu akifika nyumbani atakata vifungo vinane na kuliacha koti lilale kifudifudi sakafuni kama mtu aliyeporwa. Wiki iliyopita aliniletea jinzi ya mguu mmoja. Nilimuuliza, mguu wa pili uko wapi? Akasema aliyeukata alijua anachofanya.

Chini ya kitanda chetu sasa kuna stoo kubwa kuliko ile ya kazini. Tofauti ni kwamba kazini vitu hutoka. Kule chini nimewahi kuhesabu, kwa mazoea tu ya kazi: soksi zisizo na wenzake 23, vijiti vya aiskrimu mkebe mzima, spoku za baiskeli (hatuna baiskeli), na pakiti za maziwa 64, zimeoshwa, zimeanikwa na kukunjwa vizuri kuliko shati langu lolote. Ukijigeuza usiku kitanda kinalia kama matatu iliyobeba mabati.

Msinielewe vibaya. Mimi si mtu wa kutupa vitu. Nimezaliwa kijijini, nyumba ambayo hakuna kilichokufa mara moja. Mkebe ukiisha mafuta ulikuwa koroboi. Bati la kilo mbili lilikuwa gorogoro la kupimia mahindi. Tairi likiisha barabarani lilikuwa viatu vya akala, na akala ile ilikuzika. Pakiti ya maziwa ilioteshewa mche wa sukuma. Lakini babu yangu alikuwa na giza kwanza, ndipo akatafuta mkebe. Siku hizi mtu anaanza na mkebe, halafu anautafutia giza. Nimeonyeshwa kibanio cha pazia kilichotengenezwa kwa kijiko. Kijiko! Sasa tunakula kwa zamu, lakini pazia limebanwa.

Hayo yote ningeyavumilia. Lakini kuna jambo la fulana.

Nilikuwa na fulana ya kijani ya K'Ogalo, yaani klabu ya mpira ya Gor Mahia. Niliinunua 2013, mwaka tulipochukua ligi baada ya kungoja miaka 18, na wanaojua miaka 18 ni nini hawahitaji kuelezwa. Nilikuwa siivai ovyo. Jioni moja nimerudi, nimekuta mama watoto amekaa kwenye jamvi na mkasi, anakata kitu cha kijani kwa utulivu mkubwa. Hakati vipande vipande. Anaanzia kwenye pindo la chini, upana wa vidole viwili, anazunguka, anazunguka, kama mtu anayemenya chungwa bila kukata ganda, mpaka anafika makwapani. Fulana ya pamba ukiikata hivyo inakuwa utepe mmoja mrefu. Kisha ukiuvuta kwa nguvu, kingo zinajikunja zenyewe ndani, unapata uzi mnene wa duara, laini, ungedhani umetoka kiwandani. Nilisimama pale nikiangalia, na lazima niseme ukweli: kwa dakika mbili nzima nilifurahia ufundi. Ndipo utepe ukaleta herufi G.

Siku ya nne fulana ilikuwa zulia la mlango wa choo. Mviringo, kijani na vimistari vyeupe pale maandishi yalipokuwa. Klabu iliyoleta Kombe la Mandela Kenya mwaka wa 1987, mimi natoka kuoga naikanyaga kwa miguu yenye maji. Na kibaya zaidi, jirani yangu wa mlango wa pili ni mtu wa Kakamega, Ingwe damu, yaani shabiki wa AFC Leopards, mahasimu wetu. Alikuwa na choo chake, kizima, hakina neno. Tangu zulia lile liwekwe, hodi kila jioni. "Shikamoo shemeji, naomba kujisaidia kidogo." Anaingia, anakaa nusu dakika, anatoka, halafu anapangusa miguu. Polepole. Kushoto, kulia. Anarudia kushoto.

Magugu maji nitayataja haraka tu kwa sababu bado yananuka. Mama watoto alijifunza kwa kina mama wa Dunga, kule ufukweni, kwamba mashina yake yakikaushwa yanasukwa vikapu na hata viti, na ni kweli, nimeviona, ni vizuri. Kile asichokisikia ni kwamba gugu lile karibu lote ni maji. Gunia zima lililomvunja mtu wa mkokoteni mgongo, likikauka linabaki mkono wa shina. Yakaanikwa kwenye kamba yetu ya nguo wiki nzima, mvua ikayakuta, yakaoza, mbuzi wa plotini akaja kuyaonja akaondoka amekasirika. Gugu limetoka Amerika Kusini, limefunga mashua zetu, limechosha serikali, na sasa limeninyima mahali pa kuanika soksi. Zile zenye mwenzake.

Sasa tairi.

Tairi lilikuwa la bure. Hilo neno "bure" alilitamka mara nyingi sana. Aliona kwenye simu, video ya dakika nne: unachukua tairi kuukuu, unafunga pande zote kwa plaiwudi, unazungushia kamba kuanzia katikati kama konokono, unapata kiti cha kifalme. Fundi mmoja wa panchari akampa tairi, tena kwa furaha, maana lilikuwa linamzalia mbu. Mimi nikafungua daftari. Kulileta na bodaboda, 100. Plaiwudi mbili za duara, 400. Skrubu, 50. Kamba ya katani, 600, na hapo nimepewa bei ya mfanyakazi. Gundi ya viatu, 350. Sponji, 250. Vanishi, 300. Nikajumlisha mara mbili. Shilingi 2,050. Kiti cha plastiki Kibuye, chenye mgongo, ni 750. Nikamwekea daftari mezani. Alilisoma, akatikisa kichwa kwa huruma, akasema, "Lakini tairi hujaliandika." Nikamwambia tairi ni sufuri. "Si ndiyo hiyo," akasema, "bure."

Gundi ile, kila fundi viatu anajua, unapaka pande zote mbili, unaiacha ikaukie kidogo, ndipo unabana. Video ya dakika nne haina subira hiyo. Akapaka, akazungusha hapo hapo, juu yake akamwaga vanishi, na kwa kuwa mvua ilianza, kiti kikaingizwa ndani kukauka gizani. Hiyo ilikuwa Ijumaa.

Jumamosi mjomba wake alifika kutoka Ugunja. Mkwe ni mkwe. Huwezi kumkalisha popote, na mama watoto akaona huo ndio wakati. Mzee, mwalimu mstaafu, suti ya kijivu iliyopigwa pasi hadi inakata, akaelekezwa kwenye tairi. Akakaa. Akazama kidogo, magoti yakapanda juu, lakini ni mtu wa heshima, hakusema kitu. Tukala kuku. Tukanywa chai. Kwa muda wa saa mbili na nusu akasimulia mashamba, matanga na karo za watu. Kisha akasema, haya wanangu, matatu haingoji mtu.

Akainuka. Kiti nacho kikainuka.

Nilimshika mabega, mama watoto akashika tairi. Tulivuta kwa adabu. Mkwe huwezi kumvuta kama mkokoteni. Sauti iliyofuata sitaieleza. Kamba ilibaki na kitambaa, mzee akabaki na shati lake refu, ashukuriwe Mungu kwa mashati ya zamani. Nikakimbia chumbani kumletea suruali yangu ya akiba, nikaipata, ila haikuwa na mifuko. Mifuko ilikuwa imeenda kuwa vibebeo vya simu.

Akaivaa hivyo hivyo, nauli mkononi. Tukamsindikiza stejini kimya kimya, yake ya suti ikiwa imekunjwa kwapani. Konda anaita Ugunja, Ugunja, mzee ameweka mguu mlangoni, ndipo mama watoto akamgusa kiwiko.

"Mjomba," akasema kwa upole, "hiyo suruali usiitupe."

Mzee akamwangalia, akaniangalia mimi, akamkabidhi. Usiku nikafungua daftari, upande wa vilivyoingia, nikaandika: suruali ya suti, kijivu, moja.