Dakika kumi au jioni nzima: Dungeons & Dragons ya zamani na ya sasa

Mchawi wangu wa kwanza katika Dungeons & Dragons, mchezo wa kusimulia na kurusha dadu, kwa kanuni zake za mwaka 1981, aliishi kama dakika arobaini hivi. Nilirusha dadu ya pande nne kupata uhai wake, ikaangukia mbili. Pointi mbili za uhai, kisu kimoja, na uchawi mmoja tu kwa siku nzima, ambao niliumalizia chumba cha kwanza kwa kuwalaza usingizi panya. Chumba cha tatu goblini, zimwi dogo la pangoni, akanipiga rungu, basi. Sifuri ni kifo, hakuna rufaa. Rafiki yangu aliyekuwa akisimamia mchezo hakunipa hata pole. Alinisukumia dadu tatu na karatasi tupu, na kabla wenzangu hawajamaliza kugawana sarafu za goblini yule, nilikuwa nimesharudi mezani na mwizi mwenye uhai wa pointi tatu, anayedai alikuwa mfungwa humo pangoni.

Mwaka huohuo niliompoteza mchawi yule, meza nyingine, kwa kanuni za toleo la 2014. Jamaa mmoja alikuja na kurasa tatu za maisha ya mhusika wake: mama aliyepotea, deni la babu, kovu la shavuni na sababu yake. Alipoanguka kwenye pambano la kwanza meza nzima ilinyamaza. Hakuna aliyetaka afe, na kanuni zenyewe hazikutaka afe.

Ugomvi wote wa zamani na mpya upo kati ya meza hizo mbili. Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: Dungeons & Dragons ilitoka mwaka 1974, vijitabu vitatu ndani ya boksi, nakala 1,000 za kwanza, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson, ikichapishwa na kampuni ya TSR ya mji wa Lake Geneva, Wisconsin, Marekani. Kila mchezaji ana mhusika wake. Mmoja wao, ambaye wengi wetu humwita DM, yaani Dungeon Master, ndiye anayeishika dunia iliyobaki, na penye shaka dadu huamua. Aliyekulia kwenye ngano za jioni ataelewa upesi. Ni paukwa pakawa ambayo msikilizaji anaruhusiwa kumkatiza bibi na kusema, "Mimi pango hilo siingii."

Matoleo ni mengi na sitayapitia yote. Kuna mkondo wa vitabu vikubwa vilivyoanza kutoka mwaka 1977, kukawa na mkondo wa maboksi ya wanaoanza, toleo la pili likaja 1989, la tatu 2000 baada ya kampuni ya Wizards of the Coast kuinunua TSR mwaka 1997. La nne, la 2008, lilikuwa na mawazo mazuri ya mapambano na likagawa wachezaji vibaya sana, nalipita. Ninaposema zamani hapa nakusudia hasa kanuni za 1981, ambazo ndizo wapenzi wa mambo ya kale wanazirudia leo kuliko zote. Ninaposema mpya ni toleo la tano la 2014 na masahihisho yake ya 2024.

Utasikia watu wakisema la zamani lilikuwa gumu na la sasa limedekeza watoto. Mimi naona wanatazama kifo, wanasahau kutazama bei ya mhusika. Mwaka 1981 unarusha dadu tatu mara sita, kwa mpangilio, unaandika namba zilizotoka, unachagua kazi moja kati ya chache, unanunua kamba na mienge, umemaliza. Dakika kumi, ukizembea kumi na tano. Katika toleo la 2024 unachagua kazi, asili, nasaba, kipaji, lugha, silaha unazozimudu kwa namna ya pekee, na ukiwa mchawi unachagua pia uchawi mdogomdogo usioisha na ule mkubwa wa kuandika kitabuni. Jioni nzima imekwenda. Mchezo unaokula jioni yako nzima hauwezi kukuua chumba cha tatu kwa rungu la goblini. Ukifanya hivyo mara mbili, mara ya tatu watu hawaji. Kwa hiyo ukali wa zamani na upole wa sasa havikuanzia kwenye tabia za watu. Karatasi ilinenepa, na kifo kikawa ghali.

Ndiyo maana toleo la tano likaleta utaratibu wake wa kukata roho. Ukifika sifuri unalala chini, na kila zamu unarusha dadu ya pande 20: kumi au zaidi ni hatua kuelekea uzima, chini ya hapo ni hatua kuelekea kaburini, tatu za upande mmoja zinaamua. Na mwenzako akikutamkia neno la uponyaji hata la pointi moja, unainuka unapigana kama hukuwa umeanguka. Usiku mmoja wa usingizi unarudisha uhai wote. Katika kanuni za 1981 siku nzima ya kupumzika ilikupa pointi moja hadi tatu. Hapa nina kinyongo kidogo na masahihisho ya 2024, kwa sababu yameongeza maradufu dadu za uchawi wa kuponya mahali ambapo tayari watu walikuwa wakianguka na kuinuka kama wanasesere. Wangesahihisha kwingine.

Lakini jambo linalotenganisha matoleo haya kuliko kifo halizungumzwi sana, nalo ni kitu gani kinakupandisha daraja.

Mwaka 1981, sarafu moja ya dhahabu ukiitoa salama pangoni ni alama moja ya uzoefu. Mpiganaji anahitaji alama 2,000 kufika daraja la pili. Goblini mmoja ukimuua anakupa alama tano. Fanya hesabu: goblini 400, na hapo hujagawana na wenzako. Wakati huohuo sanduku moja la mfalme wao linaweza kumaliza kazi bila upanga kutoka alani. Kanuni haikuhubiri chochote. Ilipanga malipo tu, na wachezaji wakajifunza kunyata, kuhonga, kudanganya na kukimbia. Katika toleo la tano daraja la pili linataka alama 300 na goblini ana alama 50. Sita tu, ugawane na wenzako. Hapo upanga ndio mshahara, na vikundi vilivyochoka kuhesabu maiti vimehamia kwenye kupanda daraja DM anapoona hadithi imefika pazuri, jambo ambalo ni la amani ila linamnyang'anya mchezaji sababu ya kuhangaika.

Kuna na jedwali jingine la zamani ninalolipenda kupita kiasi. Mnapokutana na kiumbe ambaye hamjui nia yake, DM anarusha dadu mbili za kawaida. Jumla ya mbili, anashambulia papo hapo. Kuanzia tatu hadi tano ni uhasama, sita hadi nane anasita, tisa hadi kumi na moja hashambulii, kumi na mbili ana urafiki. Mbili hutokea mara moja tu kati ya 36. Yaani mchezo unaosifiwa kwa ukatili ulitaka majitu mengi ya pangoni yaanze kwa kukutazama. Na yakishaanza kupigana, mwenzao wa kwanza akifa, DM anarusha tena kuona kama moyo umewavunjika. Vijana walioanza na toleo la sasa hushangaa kusikia kwamba goblini anaweza kukimbia. Wao wamezoea goblini mwenye kufia kazini.

Sasa upande wa pili, maana nimeuficha muda mrefu.

Chukua sanduku lenye sindano ya sumu. Mezani kwetu, kwa kanuni za zamani, dada mmoja aliuliza bawaba ziko upande gani, akafunga kamba kwenye kitasa, akatoka nje, akavuta akiwa nyuma ya mlango. Sindano ikachoma ubao. Hakuna dadu iliyorushwa, na tulipiga makofi. Kwa kanuni za sasa angesema "natafuta mtego," angerusha dadu, angejumlisha namba ya karatasini, DM angemwambia sindano ipo. Ukisimulia hivyo, la zamani linashinda bila kutoka jasho.

Ila mezani hapohapo alikuwepo kijana mmoja mkimya, mwenye mhusika mwizi, mtu ambaye kazi yake ilikuwa ni hiyohiyo ya masanduku. Hakusema neno. Kamba haikumjia akilini, na hata ingemjia asingeigombania nafasi ya kuongea na yule dada, ambaye mhusika wake wala hakuwa mwizi. Kanuni za zamani zilimwachia nafasi finyu mno ya dadu kwenye fani yake mwenyewe, zikaupa ushindi ulimi wa mwingine. Toleo jipya linamwambia: huna haja ya kuwa mjanja ili mhusika wako awe mjanja, kama ambavyo huna haja ya kuinua gunia la mchele ili mpiganaji wako avunje mlango. Hoja hii wapenzi wa kale huijibu kwa kejeli, na sijawahi kusikia jibu lililonitosha. Mchezo wa kamba na bawaba unataka DM mwenye haki pia. Akiwa na kipenzi chake mezani, kipenzi ndiye atakayekuwa na akili kila wiki.

Mengine ya zamani hayahitaji hata kutetewa. Kinga ya mwili ilihesabiwa kwa kushuka, bora zaidi ikiwa namba ndogo zaidi, hadi chini ya sifuri, na toleo la 1989 likatutaka tutoe namba hiyo kwenye nyingine ili kujua tupate ngapi kwenye dadu. Toleo la tatu liliigeuza: rusha, jumlisha, ukifikia namba umempata. Nani analilia ile hesabu ya kutoa? Mbilikimo na elfu, yule kiumbe wa ngano mwenye masikio marefu, walikuwa kazi kwa jina lao, kama vile kuzaliwa elfu ni ajira, na walifika daraja fulani wakazuiwa wasipande tena. Kitabu cha wachezaji cha 1978 kiliweka hata dari la nguvu za mwili kwa wahusika wa kike, chini ya wenzao wa kiume, katika dunia yenye majoka yanayoruka. Toleo la 1989 liliondoa dari hilo. Masahihisho ya 2024 yamekwenda mbali zaidi, nyongeza za uwezo hazitoki tena kwenye nasaba, zinatoka kwenye maisha uliyoyaishi kabla ya kuwa shujaa. Wapo wanaosema hili limemfanya elfu awe binadamu mwenye masikio marefu. Kuna ukweli kidogo. Lakini ukiniuliza kipi kinamfanya elfu awe elfu mezani, nitakwambia ni anavyochezwa.

Halafu kuna fedha, ambazo kwa msomaji wa huku si jambo dogo. Boksi la 1974 liliuzwa dola 10. Kitabu cha wachezaji cha 2024 ni dola 49.99, na ukitaka vyote vitatu vikuu unakaribia dola 150 kabla ya usafiri na forodha. Unafuu ulikuja kwa njia ya ajabu. Mwezi Januari 2023 Wizards walijaribu kubadilisha leseni iliyokuwa ikiwaruhusu wengine kutumia kanuni zao tangu mwaka 2000, wachezaji wakachachamaa, na kampuni ikaishia kuziachia kanuni za msingi za toleo la tano chini ya leseni ya Creative Commons, huru kwa yeyote kuzitumia, kuzitafsiri na hata kuziuza. Leseni ileile ya mwaka 2000 ndiyo iliyowasaidia wapenzi wa kale kuandika upya kanuni za zamani na kuzisambaza, nyingine bure kabisa. Kwa hiyo mwenye simu na dadu leo anaweza kucheza zote mbili bila kulipa senti, na mabishano ya toleo lipi ununue hayamhusu.

Mimi ninacheza la 2014. Wachezaji wangu nimewaachia karatasi zao nene, kwa sababu yule kijana mkimya sasa ana kitu cha kushika na ameanza kuongea. Lakini alama za uzoefu nazitoa kwa dhahabu, na jedwali la dadu mbili nimelibandika ndani ya jalada langu. Wiki iliyopita walikutana na goblini sita kwenye daraja la kamba. Nikarusha, ikaja tisa. Goblini hawakuinua mkuki, walitaka ushuru. Mwizi wangu mkimya akawapunguzia bei kutoka sarafu thelathini hadi kumi na mbili na mkungu wa ndizi, wakavuka wote wazima. Mwenye mpiganaji, aliyekuwa amesoma kurasa mbili nzima za namna ya kutumia shoka lake jipya, alinitazama kwa uchungu hadi mwisho wa mchezo. Bado ananidai pambano.