Saa 2 za Kunyonyesha Zinaishia Kwenye Foleni

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi wa Tanzania siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na akirudi kazini huku bado ananyonyesha, mwajiri anapaswa kumruhusu hadi saa 2 kwa siku kwa kazi hiyo. Nilipoisoma nikiwa mjamzito niliona inatosha. Sikuwa nimepiga hesabu ya foleni.

Ninaishi Mbagala, pembezoni mwa Dar es Salaam, na ofisi yetu iko Posta, katikati ya jiji. Kwenda nyumbani adhuhuri, kunyonyesha na kurudi kungemaliza saa hizo kabla sijamshika mtoto vizuri, hivyo nikawa ninakamua maziwa chooni, mgongo nimeuegemeza mlangoni kwa sababu kitasa kilikuwa kibovu. Jokofu la ofisi lilikuwa la soda za wageni, kwa hiyo maziwa niliyamwaga. Kukosa usingizi nilikuvumilia, lakini kuyatazama maziwa yale yakiteremka kwenye sinki kuliniumiza mno: nilijiona sifai kwa mtoto wala kwa mwajiri, na jioni nililia ndani ya daladala bila sababu ambayo ningeweza kumweleza mtu.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi 6. Siku 84 hazifiki hata miezi 3.

Mila zetu nazo humwacha mzazi mapema. Kwa siku arobaini hukandwa kwa maji ya moto, huletewa uji wa pilipili manga na hupokewa mtoto ili apate kulala. Arobaini ikiisha, anahesabiwa mzima. Sonona ya baada ya kujifungua, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, haifuati hesabu hiyo, kwani yaweza kuanza miezi kadhaa baadaye, wakati mama tayari yuko mezani kwake kazini. Nilipomgusia shangazi, alinijibu kwa upole kabisa, "Hukuanza wewe kuzaa, mwanangu."

Wapo wanaosema dawa ni kuacha kazi. Mshahara huo ndio unaolipa kodi ya nyumba na dada anayemlea mtoto, kwa hiyo ushauri huo siuelewi. Ningependa mama aruhusiwe kuzitumia saa zake 2 kwa kutoka mapema, na ofisi iwe na chumba chenye kitasa kizima. Kliniki nako, ambako kila mwezi mwanangu alipimwa uzito na kadi yake ikajazwa, muuguzi angegeuka tu na kuniuliza, "Na wewe mama, unalala?" Nilikuwa na la kumjibu.