Mjomba na Saa ya Jua ya Eyam

Mjomba wangu, mwalimu wa jiografia aliyestaafu huko Tanga, alipokuja kunitembelea Sheffield mwishoni mwa Agosti, alikataa katakata kupelekwa London kuangalia saa kubwa ambayo, kwa maelezo yake, alikwisha kuiona vya kutosha kwenye makopo ya biskuti. Alitaka kwenda Eyam, kijiji kidogo katika vilima vya Derbyshire, kwa sababu aliwahi kusoma habari za tauni yake.

Habari hizo alinisimulia ndani ya basi kwa sauti ya darasani. Mwaka 1665 furushi la kitambaa lilifika Eyam kutoka London, na fundi wa kushona nguo aitwaye George Viccars, alipoona lina unyevu, akalitandaza mbele ya moto likauke. Viroboto waliojificha humo wakapata joto, na haukupita muda fundi akawa maiti. Abiria wa kiti cha mbele hakujua Kiswahili, lakini alipogeuka na kuona vidole vya Mjomba vikiigiza kiroboto anavyoruka, alianza kujikuna, akaendelea hivyo mpaka tuliposhuka.

Mwaka 1666 kasisi William Mompesson, akisaidiana na mtangulizi wake Thomas Stanley, aliwashawishi wanakijiji wasitoke, ili ugonjwa usisambae katika vijiji vya jirani. Ibada zilihamishiwa bondeni, mahali paitwapo Cucklet Delph, na kila familia ilizika watu wake wenyewe. Elizabeth Hancock alimzika mumewe na watoto sita ndani ya siku nane. Waliokufa walikuwa kiasi cha 260, mke wa Mompesson akiwa miongoni mwao. Mbele ya nyumba alimofia yule fundi Mjomba alivua kofia yake, nasi tukasimama kimya. Sehemu hiyo haina kichekesho, wala mimi siitafutii.

Kichekesho kilitungojea kanisani, juu ukutani, ilipo saa ya jua ya mwaka 1775, yenye mistari mingi ya kitaalamu ambayo Mjomba aliikagua mmoja baada ya mwingine akiitafuta Tanga, asiione, akanung'unika. Simu yangu ilikuwa imezimika kwa wingi wa picha alizoniamuru nimpige, na basi la kurudi lilikuwa la saa nane na robo.

“Kivuli kinasema saa saba,” alitangaza. “Tuna zaidi ya saa nzima.”

Nikamwambia kwa adabu kwamba labda tungemuuliza mtu. Mjomba alinitazama kama mwanafunzi aliyeiweka Kilimanjaro Uganda, kisha akakunja mkono wa shati na kunionyesha saa yake, ambayo alikataa kuibadilisha ili ajue wakati wote shangazi amefikia wapi na mapishi. Ilisoma saa kumi na dakika chache. Afrika Mashariki, akanikumbusha, iko mbele ya Greenwich kwa saa tatu. Kumi ukitoa tatu ni saba. Jua la Mungu na saa ya Tanga zimekubaliana, sasa wewe mpwa wangu unataka shahidi gani tena?

Hesabu haikuwa na dosari. Ila Waingereza tangu mwaka 1916 wana desturi ya kusogeza saa zao mbele wakati wa kiangazi, na hakuna aliyepanda ngazi kuiarifu ile ya ukutani. Basi tukauzunguka polepole msalaba wa kale wa Wasaksoni uliomo makaburini, Mjomba akieleza kila pembe ya nakshi zake, huku basi letu likipita zake.

Mama mmoja aliyekuwa akitembeza mbwa ndiye aliyetupasha habari, akatushauri tuteremke kwa miguu hadi Stoney Middleton, penye barabara kuu. Njia hiyo inapita kwenye jiwe la mpaka, lenye mashimo sita ambamo watu wa Eyam walikuwa wakiweka sarafu ndani ya siki ili kuua ugonjwa, na wenzao wa nje wakazichukua na kuwaachia chakula. Mvua ya usiku uliotangulia ilikuwa imeacha tope, na Mjomba, baada ya kuteleza na kuokolewa na ukuta wa mawe, aliona jiwe hilo, akashukuru, akaketi juu yake bila kuchunguza kilichomo mashimoni. Aliinuka upesi kuliko alivyoketi. Suruali yake ya kijivu ikawa na ramani ya maziwa makuu upande wa nyuma, nayo hakunipa ruhusa ya kuipiga picha hata kama simu ingekuwa na chaji.

Katika basi tulilolipata alisimama njia nzima, akimweleza kila aliyemwachia kiti kwamba anapenda kutazama mandhari. Hadi leo anashikilia kwamba basi lile la kwanza liliwahi kupita kwa saa nzima, na juzi amenipigia simu kutoka Tanga akitaka anwani ya kampuni, ili awaandikie wafuate saa za Greenwich, maana Greenwich ni kwao wenyewe.