Injini mnaisifu, tangi mnalifunga kwa waya

Siku nilipoileta nyumbani ile seti ya kugeuza baiskeli kuwa ya injini, majirani watatu walikusanyika kibarazani. Wote wakaishika injini. Mmoja akaizungusha plagi kama anapima embe. Tangi likabaki ndani ya boksi, na koki yake imetupwa kwenye kimfuko cha nailoni pamoja na nati na washa. Fundi niliyemwita akaniambia, "Hilo tutalipachika mwishoni, kaka, ni dakika tano tu." Kweli zilikuwa dakika tano. Mimi nikahangaika nalo wiki tatu.

Najua mafundi wataninunia, lakini nasema: kwenye baiskeli ya injini, tangi na koki vinataka muda kuliko injini yenyewe. Injini imekuja na matundu yake na bolti zake, ukikosea inakataa kuingia. Tangi halikatai. Utalifunga kinyumenyume na litakaa tu, linang'aa, hadi petroli ianze kukutafuta.

Hakuna pampu hapa. Mafuta yanashuka yenyewe kutoka kwenye tangi, yanapita kwenye koki, yanateremka kwenye mpira hadi kwenye kabureta, pale yanapochanganyika na hewa kabla ya kuingia kwenye injini. Kwa hiyo tangi likae juu ya kabureta, na upande wenye koki ndio uwe chini zaidi. Kwenye baiskeli ya Phoenix kazi ni rahisi, bomba la juu la fremu limenyooka na ni jembamba. Hizi baiskeli za gia za siku hizi zina bomba nene lililoinama kuelekea kwenye siti, vibano vya tangi havifiki, na hapo ndipo watu wanapochukua waya wa kufungia nondo. Mimi nimeona tangi limefungwa kwa kamba ya manila. Mwenyewe alikuwa anatabasamu.

Simcheki anayebuni. Mwaka 1946, kule Hamamatsu nchini Japani, Soichiro Honda alichukua injini ndogo za majenereta ya redio za jeshi akazifunga kwenye baiskeli, na tangi la ile ya kwanza ya majaribio lilikuwa chombo cha kuwekea maji ya moto, kile Wajapani wanacholala nacho wakati wa baridi. Wakuba nao wana rikimbili zao, baiskeli za injini za kuokoteza, na wengine tangi lao ni chupa ya soda ya plastiki. Hao walitumia walichokuwa nacho. Wewe umeuziwa tangi la chuma la lita mbili na vibano vyake, halafu unalifunga kwa waya kwa sababu ya uvivu.

Nirudi kwenye wiki zangu tatu. Wiki ya kwanza ilikuwa ya bolti. Zile bolti mbili zilizochomelewa chini ya tangi ni nyembamba, nati zake ni za spana namba 10, na injini hizi zinatetemeka kama mashine ya kusaga. Fundi alikaza chuma juu ya chuma. Siku ya nne nati moja haikuwepo. Nilipokaza mpya kwa hasira, nikasikia mlio mdogo pale kwenye weldingi, na unyevu ukaanza kutokea. Nikaambiwa nilipeleke kwa mchomeleaji. Jamani, hapo nilisimama. Tangi lililowahi kuwa na petroli, hata ukilimwaga likakauka, mvuke unabaki ndani, na moto wa weldingi ukiukuta tangi linageuka bomu. Nilinunua lingine. Safari hii nilikata vipande vya tyubu kuukuu nikaviweka kati ya tangi na fremu, nikatumia nati zenye plastiki ndani ambazo hazijifungui, na nikakaza hadi ziliposhika tu.

Kabla ya kulipandisha, nilitia ndani kokoto chache na petroli kidogo nikalitikisa. Kilichotoka kilikuwa cha rangi ya chai ya rangi: kutu na chembe za weldingi. Hilo lilikuwa tangi jipya.

Wiki ya pili ikawa ya koki yenyewe. Ilivuja kwenye nyuzi zake. Fundi akazungushia ile tepu nyeupe ya mafundi bomba, uvujaji ukakoma, na baada ya siku mbili injini ikaanza kukohoa. Nilipofungua kabureta, jeti, kile kitundu chembamba cha kupitisha mafuta, ilikuwa na kiuzi cheupe ndani, chembamba kama unywele. Silikoni ya madirisha nayo isikudanganye, petroli inailainisha. Kilichonisaidia ni koki nzuri niliyoinunua peke yake, washa yake, na gundi inayostahimili mafuta, kidogo tu, mbali na mdomo wa koki. Mpira nao usiwe ule wa levo wa mafundi ujenzi. Unapendeza kwa kuwa mafuta yanaonekana yakipita, lakini petroli inaukausha hadi unapasuka kama muwa.

Wiki ya tatu siwezi kumlaumu mtu. Baiskeli ilikuwa inakwenda kilomita moja inazima, nikifungua mfuniko wa tangi inawaka. Kitundu cha hewa kwenye mfuniko kilikuwa kimezibwa na rangi, hewa haingii, mafuta yanagoma kushuka. Pini ya nguo ikamaliza kesi.

Baada ya hapo nililaza kipande cha boksi chini ya baiskeli usiku kucha, tangi limejaa, koki imefungwa. Asubuhi boksi lilikuwa kavu. Sisi wengine tunalala chumba kimoja na baiskeli, na jiko la gesi liko pembeni. Ndiyo maana naifunga koki kila ninaposhuka, hata nikiingia dukani kununua chumvi. Ile sindano ndani ya kabureta, inayofungua na kuziba njia ya mafuta, haikuwekwa kuyazuia usiku mzima. Ikishika uchafu kidogo, petroli inapita inadondoka chini, au inaingia kwenye injini na asubuhi plagi imelowa chapachapa, unapiga pedali hadi jasho linakutoka.

Jumapili iliyopita shemeji aliiazima kwenda shambani. Nilimwonyesha koki mara mbili, akaniambia, "Shemeji, mimi si mtoto." Jioni akairudisha, akaiegemeza ukutani, akaingia ndani kuomba maji. Nikainama kutazama. Koki ilikuwa wazi, na sakafuni palikuwa na doa la ukubwa wa chapati.